Kanzu na Jahazi: Habari ya Deheni ya Zamani na ya Sasa

Makala haya yalianza na kikohozi. Mwezi wa nane mwaka jana, siku mbili kabla ya harusi, ami yake mmoja wetu anayekaa Mabela alinunua makopo matatu ya dawa ya kupuliza, ile inayouzwa kwa ajili ya mazulia na makochi ili kahawa na mchuzi visishike. Majlisi yao ni mpya, mito yake ina rangi ya maziwa, na wageni wa harusi mnawajua. Nje joto lilikuwa halisemeki, kwa hiyo akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi, akapuliza makopo yote matatu, mto kwa mto, hadi vidole vikamuuma.

Haikupita saa akaanza kukohoa. Usiku homa ikapanda, kifua kikabana, pumzi zikawa fupi fupi. Akapelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, akalazwa siku mbili. Alhamdulillahi alipona, na harusi alihudhuria, ila alikaa karibu na mlango muda wote.

Dawa yenyewe ilifanya kazi, hilo hatuwezi kukataa. Siku ya harusi mtoto alimwaga kikombe kizima cha kahawa juu ya mto, na kahawa haikuingia. Ilikusanyika vidonge vidonge kama shanga nyeusi, mtu akachukua tishu, akafuta, basi. Bibi, ambaye alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, akacheka akasema: "Ala! Kumbe mito mmeipiga deheni."

Tukatazamana. Pale tulikuwa wanachama watatu wa klabu hii, sote tunajigamba kwamba Kiswahili chetu ni cha nyumbani wala si cha kitabu. Hakuna hata mmoja aliyelijua neno. Tukamwuliza, naye akashangaa zaidi yetu. "Hamuijui deheni? Sasa chombo kitaendaje baharini?"

Bibi alizaliwa Malindi, Unguja, karibu kabisa na bandari ya majahazi, na baba yake alikuwa na hisa katika chombo kimoja. Alitueleza hivi. Kila baada ya muda chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yalipokupwa kikabaki kikavu. Watu wakakikwangua chini, wakatoa majani na kombe zilizoganda. Kisha ikaletwa deheni: chokaa iliyochanganywa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama, ikakorogwa motoni hadi ikawa nzito kama uji. Wakaipaka kwa mikono sehemu yote inayozama. Upande wa juu, usiozama, ulipakwa sifa, mafuta ya papa. "Harufu yake," alisema Bibi, "ukiisikia mara moja hutaisahau. Lakini mbao zilikaa."

Tulipofungua kamusi tukalikuta neno, limekaa palepale siku zote. Na lina mzizi wa Kiarabu, ule ule wa mafuta na kupaka. Tumesoma Kiarabu miaka kumi na miwili shuleni, tumesoma Kiswahili kwa mama zetu, na hatukuwahi kuviunganisha.

Wale wenzetu wanaosoma sayansi wakaanza kuuliza maswali mengine. Kwa nini mafuta na chokaa? Jibu liko jikoni kwenu. Mafuta ya mnyama yakikutana na chokaa, asidi za mafuta hushikana na kalisiamu, ikapatikana aina ya sabuni isiyoyeyuka kwenye maji. Ni ndugu wa ule ukoko mweupe unaobaki kwenye beseni ukifua kwa sabuni ya mche na maji magumu ya kisima. Bafuni tunauchukia, lakini chini ya jahazi ulikuwa ngao: maji hayapiti, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hupata shida kuingia. Sifa nayo ina siri yake. Mafuta ya samaki yakipigwa na jua na hewa, molekuli zake huanza kushikana moja na nyingine, minyororo ikawa mirefu, mafuta yakawa mazito na mwisho yakafanya utando. Mnyororo mrefu wa namna hiyo ndio watu wa kemia wanauita polima. Mabaharia wa bahari yetu walikuwa wanatengeneza polima juu ya mbao karne nyingi kabla jina hilo halijazuliwa.

Wasafiri wa zamani waliliona jambo hili wakaliandika. Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, anasema vyombo vya kushonwa vya huko vilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Marco Polo alipofika Hormuz alistaajabu kuona vyombo havikupakwa lami kama vya kwao bali mafuta ya samaki. Na kama mnadhani hayo ni mambo ya kitabuni tu, kumbukeni chombo cha Jewel of Muscat, kilichojengwa Qantab hapa Maskati kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, kikasafiri hadi Singapore mwaka 2010. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo wakati huo.

Tukaenda pwani ya Sib, upande wa soko la samaki, kumtafuta mtu anayekumbuka. Tulimpata mzee mmoja, baharia wa zamani, aliyefika Lamu na Unguja ujanani. Tulimwamkia kwa Kiarabu, akatujibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha bandarini chenye matusi mawili matatu ambayo mhariri ameyaondoa. Alituonyesha boti zilizopangwa mchangani. Zote za faiba. "Hizi hazitaki deheni," alisema. "Zenyewe ni deheni tupu." Na ni kweli, maana faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya polima. Boti nzima imekuwa utando.

Kisha akatuambia habari ya shasha, kile chombo kidogo cha makuti ya mtende kilichokuwa kikitumika pwani yote ya Batina. Shasha haifukuzi maji hata kidogo. Maji yanaingia na kutoka yatakavyo, na mvuvi anakaa amelowa. Kinachoielea ni vigutu vya makuti vilivyoshindiliwa ndani. Ikikaa majini saa kadhaa inakunywa maji, inakuwa nzito, basi inavutwa pwani ikaushwe. Mzee aliisimulia kwa mapenzi kuliko alivyosimulia jahazi. Hatukutegemea kujifunza kwake kwamba si lazima kila chombo kigombane na maji.

Sasa turudi kwenye mito ya ami. Kuna jambo la kwanza la kuelewa, na tulipolielewa tulijiona wajinga kwa kutolifikiria mapema: kufukuza maji ni rahisi, kufukuza mafuta ni kazi nzito sana.

Kila kimiminiko kina nguvu inayovuta uso wake ujikusanye. Ndiyo inayofanya tone liwe la mviringo. Kwa maji nguvu hiyo ni kubwa, kama 72 kwa kipimo chake, milinyutoni kwa mita. Mafuta ya nazi au ya kupikia ni kama 30 tu. Petroli ni kama 20. Upande wa pili, kila kitu kigumu nacho kina mvuto wake juu ya kile kinachokigusa. Kimiminiko kikiwa na nguvu ya kujikusanya kushinda mvuto wa kitu kilicho chini yake, kitakaa tone. Kikizidiwa, kitatandaa na kuingia. Nta ina mvuto wa kama 25, kwa hiyo maji yenye 72 yanajikunja juu yake bila shida. Lakini mafuta yenye 30 yanaona nta kama kitanda kizuri, yanalala.

Tulilijaribu hilo kwenye baraza ya nyumba moja Al-Khoudh, Ijumaa moja baada ya chakula. Tulikuwa na vitu vitano: jani la jimbi kutoka kwenye mapipa ya shangazi wa Al-Hail, ambaye anapanda majimbi kwa ukaidi tu, kikaango kisichoshika, kipande cha pamba tulichosugua nta ya mshumaa na kukipiga pasi, chombo cha silikoni cha kuokea keki, na kifuniko kimoja cha mto wa ami, alichotupa kwa furaha. Tukachukua maji, kahawa na mafuta ya nazi, tukadondosha kwa bomba la sindano.

Jimbi lilitushinda kwa uzuri. Mnajua wenyewe, maji juu ya jani la jimbi ni kama zebaki, yanakimbia huku na huku na jani linabaki kavu kama halijaguswa. Sababu yake ni mbili kwa pamoja: jani lina nta, na juu ya nta kuna vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo tone linakaa juu ya vilele, chini yake hewa. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1997 wakichunguza yungiyungi na mimea mingine, na jina la yungiyungi ndilo lililoshika duniani. Sisi tungeliita tabia ya jimbi. Lakini tone la mafuta ya nazi lilipoangukia jani lile lile lilitandaa likaacha doa la kung'aa, na tulipodondosha maji hapo tena hayakukimbia.

Kitambaa cha nta kilifukuza maji na kahawa, kikanywa mafuta mara moja. Silikoni hivyo hivyo, maji yalisimama, mafuta yakatandaa. Kikaango kilitushangaza, maana tulidhani ndicho bingwa. Maji yalijikunja vizuri, ila tone la mafuta lilikaa kama chapati ndogo, halikutandaa kabisa wala halikusimama. Utando wa kikaango una mvuto wa kama 18 au 20. Ni mdogo kuliko 30 ya mafuta, lakini si mdogo vya kutosha. Ili mafuta yasimame tone zuri, uso unatakiwa uwe chini sana.

Mto wa ami ulifukuza vyote vitatu. Mafuta ya nazi yalisimama juu ya kitambaa kama yamekatazwa kushuka.

Ndani ya dawa ile mna polima yenye uti wa mgongo wa akriliki, na kutoka kwenye uti huo zimesimama nywele, fupi na nyingi, kama brashi. Kila nywele ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na florini, na nchani pana kaboni moja yenye florini tatu. Uso uliojaa ncha hizo zikiwa zimepangika vizuri una mvuto wa kama 6 tu. Watu wa kemia hawajapata kitu cha chini zaidi ya hapo kwa uso laini. Florini hushika elektroni zake kwa nguvu sana na haitaki uhusiano na mtu, si maji, si mafuta.

Tulikifua kifuniko kile kwa mashine mara kumi. Mafuta yakaanza kuingia. Mmoja wetu akakipiga pasi ya moto, tukajaribu tena, na kwa kiasi fulani kikarudia ukaidi wake. Nywele zinalala zikilowa na kusuguliwa, joto linazisimamisha tena. Hilo lilitufurahisha kuliko yote, maana lilionyesha kwamba brashi si mfano tu wa kuelezea.

Vitu hivi viligunduliwa kwa bahati. Tarehe 6 Aprili 1938, Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont alifungua mtungi wa gesi yenye florini, gesi haikutoka, na mtungi una uzito ule ule. Wakaukata, ndani wakakuta unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imejifunga yenyewe ikawa polima, hiyo ambayo leo inaitwa Teflon. Mwaka 1953, katika maabara ya 3M, tone la kitu kilichokuwa kikijaribiwa liliangukia kiatu cha turubai. Walijaribu kulitoa kwa maji na sabuni, wakashindwa, na kiatu kilipochakaa mahali pale palibaki safi. Patsy Sherman na Samuel Smith wakalifuatilia, na kufikia 1956 Scotchgard ikawa sokoni.

Lakini msidhani pwani yetu haikuwa na sehemu katika biashara ya kupaka vitu. Kabla ya polima za maabara kulikuwa na sandarusi, utomvu wa mti uliokaa ardhini miaka mingi ukawa mgumu kama jiwe, ukachimbwa Mrima, nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, ukapelekwa Unguja. Huko ng'ambo uliyeyushwa kwa moto pamoja na mafuta ya kitani, ukawa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani. Ya Zanzibar ilisifiwa kwa ugumu wake. Salem, Massachusetts, kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Na meli Sultana, aliyoituma Seyyid Said bin Sultan New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, ilibeba tende, kahawa, karafuu, pembe, ngozi, na pia sandarusi. Sandarusi nayo ni polima, iliyotengenezwa na mti. Waliochimba walilipwa kidogo na majina yao hayakuandikwa. Waliopaka magari walisifiwa kwa kung'aa.

Turudi kwa kifua cha ami. Daktari alimweleza kwamba ndani ya mapafu kuna utando mwembamba wa majimaji unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Vitone vya dawa vikiwa vidogo sana hufika huko, na kitu kilichotengenezwa ili kuvuruga uhusiano wa maji na kila anayeyagusa hakiwezi kujua kwamba sasa kiko ndani ya mtu. Hakuwa wa kwanza. Ujerumani mwaka 2006 makumi ya watu waliugua kwa siku chache baada ya kutumia dawa ya kupuliza ya namna hiyo, ikaondolewa madukani. Kwenye makopo ya ami yameandikwa kwa herufi ndogo kwamba itumike mahali penye hewa. Yameandikwa kwa lugha tatu, na Kiswahili si mojawapo. Lakini tusijidanganye, Kiarabu kilikuwepo na ami anakisoma. Nani anasoma kopo?

Shida ya pili haimgusi ami peke yake. Kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vilivyo imara kabisa katika kemia ya kaboni. Ndiyo sifa yake, na ndiyo ubaya wake. Vipande vya minyororo hiyo vikitoka kwenye viwanda, kwenye nguo zinazofuliwa, kwenye mazulia yaliyotupwa, haviozi. Vinaitwa kemikali za milele. Kampuni ya 3M ilitangaza mwaka 2000 kwamba itaacha kutengeneza PFOS, iliyokuwa msingi wa dawa yake. Mkataba wa Stockholm ukaiingiza PFOS katika orodha yake mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Mwaka 2024 Marekani iliweka kiwango cha juu cha kila moja ya hizo mbili katika maji ya kunywa kuwa sehemu 4 kwa trilioni. Denmaki ilikataza kundi zima katika karatasi za kufungia chakula tangu 2020. Viwanda vikahamia kwenye minyororo mifupi, yenye kaboni sita badala ya nane. Haikai mwilini muda mrefu kama ile, lakini nayo haiozi.

Ndipo tulipogawanyika. Mama wa mmoja wetu ana duka la ushonaji, na wateja wanamwomba kitambaa cha kanzu kisichoshika mafuta, hasa kwa ajili ya furakha, kile kishada cha shingoni kinachochovywa manukato na kuacha doa la manjano kifuani. Kitambaa hicho kipo, kinapendeza, kinauzwa ghali. Wawili kati yetu walisema auze, kwani wateja watakwenda duka la pili tu. Wengine tulisema angalau awaambie kilichopakwa. Mama mwenyewe alisikiliza, akauliza swali moja: "Kipo kinachofukuza mafuta bila hiyo florini?"

Kwa nguo ya kila siku, bado hatujakiona. Silikoni na nta zinafukuza maji, na kwa mvua zinatosha kabisa, lakini mafuta yanapita. Watafiti wanatafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 2007 Anish Tuteja na wenzake wa MIT walionyesha kwamba umbo la uso, likiwa kama vichwa vya uyoga vinavyoinamia ndani, linaweza kusimamisha hata mafuta mepesi, ingawa nao walitia florini. Mwaka 2011 kundi la Joanna Aizenberg wa Harvard liliiga mmea unaonasa wadudu kwa kuteleza: badala ya kuufanya uso uwe mkavu, waliulowesha kwa kilainishi kisichotoka, na kila kinachouangukia kinateleza, maji, mafuta, hata damu. Kilainishi chao cha kwanza nacho kilikuwa na florini. Siku hizi wengine wanajaribu nywele za silikoni zilizosimama moja moja, laini kiasi cha kuwa kama kimiminiko. Mafuta hayasimami tone kubwa juu yake, ila yanateleza na kuondoka. Hilo ndilo tunalolipenda zaidi. Pengine tumekuwa tukiuliza vibaya: mafuta si lazima yakae juu, yatosha yasibaki.

Mama amesema atasubiri. Kwa sasa anashona furakha zinazotoka, za kufunga kwa kifungo, zifuliwe peke yake. Ameuza chache.

Ami ameweka mito vifuniko vipya, rangi ya kahawa iliyokolea. Kopo la tatu halikuisha lote. Liko stoo juu ya rafu, limefungwa ndani ya mifuko miwili. Tumeuliza kote linatupwa kwenye pipa gani, na hadi tunapeleka makala haya kwa mhariri bado liko pale.